Msiisafishe santuri ya Frida Leider

Juzi nilipakua toleo jipya la aria, yaani wimbo wa mtu mmoja ndani ya opera, ninayoijua neno kwa neno, nikavaa visikizi, na kabla dakika mbili hazijaisha nikaizima. Waliolitayarisha wameondoa mkwaruzo wote wa santuri. Na mwimbaji naye wamemwondoa.

Aria yenyewe ni "Abscheulicher!" ya Fidelio, opera pekee ya Beethoven, kama alivyoirekodi Frida Leider wa Berlin mwaka 1928, John Barbirolli akiongoza okestra. Leonore amevaa nguo za kiume na kupata kazi gerezani ili amtafute mumewe aliyepotea. Amejibanza, amemsikia mkuu wa gereza, Pizarro, akipanga kumuua mfungwa. Pizarro akishaondoka tu, moyo wa Leonore unafoka: "Mwovu we, wakimbilia wapi?" Neno lenyewe la Kijerumani lina sch na ch ndani yake, na Leider anazitoa kama maji yanayodondokea kaango la moto. Bahati mbaya sauti hizo ziko kwenye masafa yaleyale ya mkwaruzo wa sindano. Programu ya kusafishia haijui kipi ni uchafu na kipi ni hasira ya mke, basi inafuta vyote. Zinabaki irabu, nzuri, laini, za mwanamke ambaye hajakasirikia mtu.

Kuna watakaosema kwamba msikilizaji mpya hawezi kuvumilia kelele hizo. Anaweza. Mkwaruzo wa santuri ni kama mvua juu ya bati: unapoanza unausikia wenyewe tu, baada ya muda unasikia anayezungumza.

Na anayezungumza hapa ana kazi kubwa. Baada ya ghadhabu inakuja dua, "Njoo, tumaini, usiiache nyota ya mwisho ya waliochoka ififie", pembe tatu za shaba zikimzunguka mwimbaji taratibu. Sauti iliyokuwa inafoka sasa inatakiwa iwe uzi mmoja mrefu usiokatika. Mwishoni mwa dua uzi huo unapanda ngazi nzima ya noti hadi ile ya juu iitwayo "si", kwenye maneno yanayosema kwamba upendo utafika. Baada ya hapo mwendo unakuwa wa mbio. Sauti nzito hujikwaa kwenye ngazi ile, na nyepesi huwa zimeshamezwa na okestra tangu mwanzo. Leider anaipanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake gizani. Hapapasi ukuta.

Tukumbuke ilivyokuwa kurekodi wakati ule. Upande mmoja wa santuri kubwa ulibeba dakika nne na ushee, kwa hiyo aria hii iligawanywa pande mbili. Sauti ilichorwa moja kwa moja kwenye nta. Hakukuwa na kukata wala kuunga; ukikosea noti moja, nta ile imeharibika, mnaanza upya. Lilli Lehmann, aliyekuwa miongoni mwa waimbaji wa Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876 Ring, opera nne za Wagner zinazofuatana, ilipochezwa nzima kwa mara ya kwanza, aliiimba aria hiihii mbele ya pembe ya kurekodia mwaka 1907, akikaribia miaka 60. Maikrofoni ilikuwa haijaingia studio. Kila pumzi unayoisikia ni yake. Utepe wa kurekodia, unaoweza kukatwa na kuungwa, ulipokuja mambo yakabadilika: katika rekodi ya opera ya Wagner, Tristan und Isolde, ya mwaka 1952, okestra ikiongozwa na Furtwängler, noti za juu ziitwazo "do" za mwimbaji mkuu Kirsten Flagstad aliziimba mwenzake Elisabeth Schwarzkopf. Nampenda Flagstad kwa dhati, na rekodi ile ni hazina. Lakini nikitaka kujua mtu mmoja aliweza nini siku moja, narudi kwenye nta.

Mwaka uleule wa 1928 Siti binti Saad alikuwa Bombay, akirekodi kwa HMV, kampuni ileile iliyomrekodi Leider, zile santuri zenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Wanaozithamini santuri za Siti hawazisikilizi kwa sababu ni safi. Wanamsikiliza yeye, pamoja na vumbi lake. Leider naye anastahili heshima hiyo.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisivumilie kuona sauti hii ikipigwa pasi. Mume wa Leider, Rudolf Deman, alikuwa mpiga fidla kiongozi wa okestra ya opera ya taifa ya Berlin, na alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 alilazimika kukimbilia Uswisi. Mkewe akabaki Ujerumani. Mwaka 1928 hakuna aliyejua hayo, na simwekei Leider utabiri kinywani. Ila siwezi tena kumsikia akiimba habari za mke anayemfuata mumewe hadi gerezani nisimkumbuke Deman.

Nakala ninayoitunza ina mkwaruzo wake wote. Pale pande mbili zinapoungana, mvumo wa chini unabadilika kidogo, nami najua kwamba hapo watu walisimama, wakaweka nta nyingine, na Leider akavuta pumzi upya. Mwishoni, okestra ikishanyamaza, sindano inaendelea kukwaruza sekunde tatu au nne. Kwenye toleo jipya sekunde hizo wamezikata.