Mawimbi ya Matema Nayo Yana Historia

Mwezi wa saba, Mwera unapovuma na kulichafua Ziwa Nyasa, wavuvi wa Matema huvuta mitumbwi yao juu mchangani. Kwetu watoto hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu. Tuliokota ubao wa mtumbwi uliopasuka, tukaingia majini mpaka kifuani, tukasubiri wimbi lililojaa vizuri, kisha tukajilaza kifudifudi na kuachia. Lilikubeba mpaka ufukweni, mchanga ukikuchubua tumbo, nawe ukainuka mbio kurudi. Mchezo haukuwa na jina. Tulisema tu, "Twende tukabebwe."

Wengi hapa Mbeya mjini hudhani ziwa ni maji yaliyotulia. Nyasa ina urefu wa zaidi ya kilomita 500, kaskazini hadi kusini, na upepo ule wa kusini-mashariki husukuma maji njia yote hiyo. Matema iko mwisho kabisa, chini ya Milima ya Livingstone. Mawimbi yanafika yakiwa yamekomaa.

Niliyakumbuka hayo niliposoma habari za Santa Cruz, mji mdogo wa pwani ya California. Julai 1885, wana wa kifalme watatu wa Hawaii waliokuwa wakisoma California, David Kawananakoa, Edward Keliiahonui na Jonah Kuhio Kalanianaole, walipanda mawimbi kwenye mlango wa mto San Lorenzo. Walitumia mbao za mti wa redwood, wakicheza mchezo wa mababu zao. Gazeti la mji likaandika. Ndiyo maana leo Santa Cruz inatajwa kuwa mahali mchezo huo ulipoanzia Marekani bara.

Sina ugomvi na heshima hiyo. Wameitunza kumbukumbu yao. Ila katika miaka ya 1830, nusu karne kabla, msafiri Mskoti James Edward Alexander aliwaona wavulana wa Accra wakiogelea baharini na mbao nyepesi chini ya matumbo, wakisubiri wimbi. Kama sisi kabisa! Tunajua habari zao kwa sababu mgeni mmoja alipita na kalamu. Matema walipita wengi pia, wakaandika juu ya vyungu vya akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe, na vinastahili. Mchezo wa watoto sijauona popote.

Ndiyo maana nawaomba walimu wa Kyela, wilaya iliyo na Matema: wapeni wanafunzi kazi hii. Wakawaulize wazee nani aliwafundisha, ubao wa mti gani uliteleza vizuri, sehemu gani ilikatazwa, na nani hakurudi.

Mimi nimeanza na mjomba wangu, ambaye sasa ana zaidi ya miaka themanini. Nilimpigia simu nikamuuliza nani alimfundisha kubebwa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka yangu. Naye alifundishwa na babu yenu, kwa kafi pana la mtumbwi." Babu sikuwahi kumwona. Mwera ukianza nashuka Matema na daftari, mjomba akanionyeshe mahali penyewe.