Kitabu Kibaki kwa Mwenyewe, Orodha Iwe ya Wote

Karibu mwaka 1730, mpiga chapa Benjamin Franklin na wenzake wa kilabu cha mijadala cha Junto, huko Philadelphia, Marekani, walikusanya vitabu vyao katika chumba kimoja ili kila mwanachama aweze kusoma vya mwenzake. Baada ya kama mwaka mmoja, kwa kuwa vitabu havikutunzwa vizuri, kila mtu alichukua vyake akavirudisha nyumbani. Ndipo mwaka 1731 ikaanzishwa Library Company, maktaba ya wanachama wanaolipa ada. Naamini moyo wa kugawana walikuwa nao. Ila vitabu vilipoingia chumba kimoja, vilikosa mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoona faida ya programu za leo za kuazimana vitabu katika makundi madogo ya marafiki, majirani au wafanyakazi wa mahali pamoja. Tovuti ya Inventaire, kwa mfano, haimtaki mtu ahamishe kitabu hata kimoja. Kila mmoja anaorodhesha alivyonavyo, anaeleza kipi anaazimisha, kipi anatoa bure na kipi anauza, na wenzake katika kundi wanaona. Kitabu kinabaki kwenye rafu ya mwenyewe. Kinachokusanywa ni habari zake. BookCrossing, iliyoanza mwaka 2001, ina njia nyingine: kitabu hupewa namba kikaachwa mahali pa wazi, kiokotwe na yeyote. Ni wazo zuri kwa mtu aliyekwisha kuagana na kitabu chake. Kundi dogo linataka kirudi.

Wanaozipinga programu hizi wana hoja, na ya kwanza ni kazi ya kuorodhesha. Simu husoma msimbo wa mistari nyuma ya jalada, ikapata namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho ya kitabu, na kujaza jina la kitabu na la mwandishi papo hapo. Lakini vitabu vya kabla ya miaka ya 1970, pamoja na vijitabu vingi vya wachapishaji wadogo, havina namba hiyo. Mara nyingi hivyo ndivyo visivyopatikana madukani, yaani ndivyo vinavyofaa zaidi kuazimana. Inabidi viandikwe kimoja kimoja, na watu huchoka. Ushauri wangu ni kutoorodhesha rafu nzima. Andika ishirini tu, vile ambavyo uko tayari kuviona vikitoka mlangoni. Orodha ya vitabu mia tatu, ambavyo nusu yake mwenyewe hana nia ya kuviazimisha, humvunja moyo anayeomba akakataliwa mara tatu mfululizo.

Hoja ya pili inahusu vikumbusho. Husemwa kwamba programu ikimwandikia rafiki yako kuwa siku zimepita, urafiki umegeuzwa deni. Naielewa hofu hiyo, lakini sikubaliani nayo. Vitabu vingi haviibiwi. Vinapotelea kwenye haya. Aliyeazimisha anaona aibu kudai. Aliyeazima amesahau ni cha nani, au anakumbuka vizuri, na kadiri miezi inavyopita ndivyo anavyozidi kuona vigumu kukitaja. Wote wawili wanakwepa habari ya kitabu hicho, na mwishowe wanakwepana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kinachoweza kupotea pamoja na mali ni usuhuba. Tarehe iliyoandikwa tangu mwanzo, wote wawili wakiiona, humwondolea mwenye kitabu mzigo wa kudai. Ila kikumbusho kimoja kinatosha, na kiende kwa aliyeazima peke yake. Kuwatangaza wachelewaji mbele ya kundi zima, au kuwapunguzia alama, ni kuwadhalilisha, na mimi nisingebaki katika kundi la namna hiyo.

Hoja ya faragha siwezi kuipinga. Orodha ya nani aliazima nini inaweza kufichua maradhi, imani na matatizo ya ndoa. Katika kundi ambalo watu wote wanajuana, hilo ni zito kuliko katika maktaba kubwa ya wageni. Koha, programu huria ya maktaba, inaweza kuwekwa ili ifute jina la msomaji kwenye kumbukumbu kitabu kikisharudishwa. Kundi dogo linastahili ulinzi huo huo. Programu isipokuwa na uwezo huo, msimamizi na afute mwenyewe.

Watu watano au sita hawahitaji yote haya. Lahajedwali moja, yaani jedwali la kwenye kompyuta au simu, yenye safu nne inatosha: kitabu, mwenyewe, kilipo, kilitoka lini. Kundi la gumzo pekee halifai, maana swali la "nani ana kile kitabu?" huzama chini ya salamu kabla ya jioni.

Kwa wanaochagua tovuti, kabla ya kuingiza kitabu cha kwanza watafute kama orodha inaweza kupakuliwa kuwa faili, kama LibraryThing, tovuti ya kuorodhesha vitabu, inavyoruhusu. Tovuti ikifungwa, vitabu vilivyo rafuni havitadhurika. Vile vilivyokuwa kwa waazimaji siku hiyo ndivyo ambavyo, bila nakala ya orodha, hakuna atakayejua viko kwa nani.