Karaviyale: kitenzi kimoja kinagombaniwa na lugha mbili

Kule Shravanabelagola, kusini mwa India, miguuni pa ile sanamu kubwa ya Gommateshwara, mtakatifu wa dini ya Kijaini, iliyosimamishwa mnamo 981 hivi, pamechongwa maneno "Sri Chamundaraje karaviyale", yaani Chamundaraja ndo aliyeitengenezesha. Wamarathi, watu wa jimbo la Maharashtra, wanasema hicho Kimarathi cha kale, Wakonkani, ambao wengi wako jimbo jirani la Goa, wanasema hapana, hicho Kikonkani chetu. Ugomvi wote uko kwenye hilo neno la mwisho.

Hebu tulivunje. Kar- ni fanya, -av- inafanya kazi ya -isha yetu, alafu -iyale ndo wakati uliopita. Wakonkani wanashikilia huo mwisho, maana unatamkwa kwa puani na Goa mpaka leo utausikia. Mi hoja hii hainiingii, kwa sababu Kimarathi cha zamani nacho kilikuwa nao, na hiyo l ya wakati uliopita iko mpaka kwenye Kibengali, sasa utasemaje ni mali ya mmoja?

Hata lile linalonivutia kuliko yote halisaidii. Mgoa aliyekula embe anasema hanvem ambo khalo, akila bhakri, ule mkate wa nafaka, ni hanvem bhakri khali, yaani kitenzi kinafuata kilicholiwa, sio mlaji! Ni mabaki ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, watu walizoea kusema kitu "kimeliwa na mimi" mpaka kutendwa kukawa ndo wakati uliopita wa kawaida. Lakini Kimarathi kinafanya hivyohivyo.

Ushahidi wa maana kwamba Kikonkani ni lugha yake uko kwenye wakati uliopo. Kwa "mimi nafanya", mwanaume Mmarathi anasema mi karto, mwanamke mi karte, ila Goa wote ni hanv kortam, na hilo hanv, yaani mimi, limetoka kwenye aham ya Kisanskriti, Kimarathi cha leo hakina.

Wanaosema Kikonkani ni lahaja ya Kimarathi watasema hizo ni tofauti za lahaja tu, na kweli hata Kiamu na Kiunguja vitenzi vyake havilingani na bado vyote tunaviita Kiswahili. Hapo wana pointi. Ila Mwamu mwenyewe anasema anaongea Kiswahili, wakati Wagoa walipigia kura 1967 wakakataa kuunganishwa na Maharashtra, Kikonkani kikawa lugha rasmi ya Goa 1987 na 1992 kikaingia kwenye katiba ya India. Hilo jiwe mi naona waliache liwe la wote.