Kadi Namba 52 ya Bill Barilko

Wakusanyaji wa kadi za hoki ya barafu wakitaja seti ya kampuni ya Parkhurst ya msimu wa 1951-52, wanakimbilia kwa Gordie Howe. Wakitoka hapo wanamwendea Maurice Richard, kisha kipa Terry Sawchuk. Siwalaumu. Hao watatu ni miamba ya mchezo huo, na kadi zao za kwanza ziko humo humo, kati ya kadi 105. Ila mimi nikiambiwa nichague moja tu, nachukua namba 52, ya Bill Barilko wa Toronto Maple Leafs.

Nyingi za kadi zile ni picha za mchezaji peke yake, amejiweka sawa mbele ya kamera. Hii ni picha ya bao lenyewe, imetiwa rangi. Barilko yuko hewani, mwili umelala mbele, miguu imeshaachana na barafu. Mbele yake Gerry McNeil, kipa wa Montreal Canadiens, ameshashindwa.

Ilikuwa tarehe 21 Aprili 1951, mchezo wa tano wa fainali ya Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu, na michezo yote mitano ya fainali ile iliingia muda wa nyongeza. Siku hiyo Toronto walisawazisha zikiwa zimebaki sekunde 32 tu. Kwenye nyongeza, ambako bao la kwanza ndilo linalomaliza mchezo, hata dakika tatu hazijatimia, Barilko akaiacha nafasi yake ya ulinzi akakifuata kisahani cha mchezo (puck) kilichokuwa kinazagaa, akapiga huku anaanguka. Mabao 3-2, kombe likaenda kwa Toronto. Na huyu alikuwa beki, tena beki wa kugonga watu: katika michezo 252 ya ligi alifunga mabao 26 tu, lakini dakika zake za kutolewa nje kwa adhabu ni 456.

Bao lile ndilo la mwisho kulifunga. Agosti mwaka huo huo alikwenda kuvua samaki kaskazini mwa Kanada na rafiki yake daktari wa meno, kwa ndege ndogo ya kutua majini. Hawakurudi. Jeshi la anga liliwasaka msituni bila mafanikio, na msimu wa 1951-52, ule ule wa kadi hii, ukaanza bila yeyote kujua Barilko yuko wapi. Alikuwa na miaka 24. Mabaki ya ndege yalionekana Juni 1962, wiki chache tu baada ya Toronto kutwaa kombe lao la kwanza tangu bao lile.

Sokoni watakwambia Howe ana thamani zaidi kwa sababu alicheza katika miongo mitano tofauti. Sawa, bei ipangwe hivyo. Lakini mimi sikubali kwamba maisha ya mchezaji yanapimwa kwa urefu. Barilko alicheza misimu mitano, akatwaa makombe manne: 1947, 1948, 1949 na 1951. Wako magwiji waliocheza mara tatu ya hapo wakastaafu bila hata moja. Kadi ya Howe inakuonyesha kijana atakayekuja kuwa mkubwa, na ukubwa wake wote unausoma kwingine. Kadi ya Barilko haikuahidi chochote cha baadaye. Kazi kubwa ya maisha yake iko pale pale kwenye karatasi, unaiona kwa macho.

Toronto wenyewe waliliheshimu hilo. Kwa miaka mingi walikuwa wamestaafisha jezi mbili tu: namba 6 ya Ace Bailey, aliyeumizwa kichwa mwaka 1933 asicheze tena, na namba 5 ya Barilko. Magwiji wengine walitundikiwa bango uwanjani, lakini namba zao ziliendelea kuvaliwa. Mwaka 2016 klabu ikabadili utaratibu, ikastaafisha namba nyingine nyingi kwa mpigo. Waliopewa walistahili heshima, hilo silipingi, lakini mimi ningeziacha zile mbili zibaki peke yake.