Kabla chama yenu itume pesa ya pipa la wiski Scotland

Msimamo wangu nausema mapema: wiski ya miaka mingi ni kitu kizuri na mi mwenyewe naipenda, lakini hii biashara ya kununua pipa likiwa bado limelala ghalani huko Scotland, ati lizeeke polepole likuletee faida, si ya pesa ya chama. Si ya pesa ya fees, si ya pesa ya pensheni ya mzee. Naandika manake kwa grupu yetu ya WhatsApp PDF ya wauzaji wa hayo mapipa imeshaingia, picha safi za mapipa, grafu inapanda tu haishuki, na kuna watu tayari wanauliza pesa inatumwa wapi.

Tuanze na kile kinachouzwa. Wiski ikitoka kwa mtambo haina rangi, ni maji makali tu. Sheria ya Uingereza ya 2009 inasema ndio iitwe Scotch lazima ikae kwa pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, ikae hapo hapo Scotland, isipungue miaka 3, na ikitiwa kwa chupa isiwe chini ya asilimia 40. Ile namba unaona kwa lebo, 12 ama 18, ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizo ndani, hata kama wameongeza ya miaka 30. Na ikishaingia chupani umri umesimama, kwa hivyo ile mzinga ya miaka 12 ambayo mjomba ameficha kabatini tangu harusi yake bado ni ya miaka 12.

Huko pipani sasa kila mwaka kama asilimia 2 inapotea hewani, wenyewe wanaita fungu la malaika. Piga hesabu: pipa la lita 200 likikaa miaka 18 umebaki na lita kama 139, na nguvu ya pombe huko Scotland nayo inashuka kidogo kidogo, na ikishuka chini ya asilimia 40 huruhusiwi kuiuza kama Scotch tena, hata kama umeisubiri miaka 40. Joto ndio linaamua sana, kule Bangalore, India, kwa kiwanda cha Amrut inayopotea inapita asilimia 10 kwa mwaka, ndio maana wiski yao inauzwa ikiwa na miaka michache na bado inasifiwa dunia nzima. (Mi huwa nawaza ingekuwaje pipa likikaa Timau ama Mau Narok, shayiri tunalima, baridi tuko nayo, lakini hiyo tuachie siku ingine.)

Kwa hivyo bei ya wiski nzee mi siipingi. Mtu ameweka pesa yake chini miaka 18, amelipia ghala, karibu theluthi imepotea hewani, lazima arudishe. Kile napinga ni kuambiwa kuzeeka na kupanda bei ni kitu kimoja. Wenye viwanda wenyewe wanalazimika kukisia leo watu watakunywa nini miaka 15 ijayo, na wanakosea vibaya. Miaka ya sabini walijaza mapipa kupita kiasi, soko likaanguka, na 1983 ile kampuni kubwa ya wiski, DCL, ikafunga viwanda kadhaa ndani ya mwaka mmoja, Port Ellen na Brora vikiwa ndani. Brora ilirudi 2021, Port Ellen 2024, hiyo ya pili zaidi ya miaka arobaini mlango umefungwa! Wajapani nao walikosea upande ule mwingine, walipunguza kutengeneza wakati haina wanunuzi, halafu dunia ikaipenda ghafla, na 2018 kampuni yao ya Suntory ikalazimika kusimamisha wiski zake za Hibiki ya miaka 17 na Hakushu ya miaka 12 manake ya kutosha haikuwepo ghalani na huwezi kuharakisha miaka. Sasa kama hao na wahasibu wao wote hawajui, hiyo PDF imejuaje bei ya 2037?

Ukurasa wa kwanza wa hizo PDF lazima uone ile wiski ya Macallan ya 1926. Ni kweli, Novemba 2023 chupa moja iliuzwa mnadani kwa Sotheby's London kwa pauni zaidi ya milioni 2.1. Lakini hiyo ni chupa, si pipa, na zilitoka 40 peke yake kwa pipa namba 263, zikatiwa chupani 1986 baada ya miaka 60. Mapipa yaliyolala Scotland saa hii ni kama milioni 22. Milioni ishirini na mbili. Kukuonyesha bei ya hiyo chupa moja ndio ununue pipa la kiwanda hujawahi kusikia jina lake ni kukudanganya, na hata hizo chupa za mnada, bei zake kwa jumla zimekuwa zikishuka tangu 2022.

Halafu kuna hii ya umri kutoonekana, na ndio inanitia wasiwasi kuliko zote. Rangi haikuambii kitu, sheria inawaruhusu kutia karameli. Ulimi nao hautoshi. 2017 hoteli moja St. Moritz iliuzia mgeni kipimo kimoja cha Macallan iliyoandikwa 1878 kwa karibu faranga 10,000 za Uswisi, ikapelekwa maabara, kumbe imetengenezwa miaka ya sabini, tena si 1870, ni 1970, na mwenye hoteli akarudisha pesa. Mwaka uliofuata maabara ya SUERC huko Scotland ikapima chupa 55 za zamani zilizokuwa zinauzwa sokoni, 21 zikapatikana ama ni feki kabisa ama mwaka si ule umeandikwa. Wanatumia kaboni, manake yale majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya hamsini na sitini yalibadilisha kaboni ya hewani, na shayiri iliyokua baada ya hapo inabeba hiyo alama mpaka ndani ya chupa.

Kama mwenye chupa mkononi anadanganywa hivyo, wewe uko Umoja ama Rongai, pipa liko Speyside huko Scotland, hujaligusa, hujalionja, unachomiliki ni karatasi. Na sisi watu wa Nairobi karatasi tunazijua. Ploti moja Joska inauziwa watu watano, kila mmoja ako na hati yake, kila mmoja amepigwa picha akisimama kwa bikoni, na siku ya kujenga ndio mnakutana wote watano hapo. Pipa ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hata hiyo siku ya kukutana haiji mpaka miaka kumi iishe, na muuzaji alishafunga ofisi. BBC ilichunguza 2025 ikakuta pipa moja limeuziwa zaidi ya mtu mmoja, wengine wamelipa mara kadhaa ya bei ya kweli, na watu wakapoteza akiba ya maisha. Hao wako Uingereza, mwendo wa gari tu mpaka kwa hilo ghala. Sisi je?

Na si kitu kipya. Kule Leith, Scotland, kulikuwa na ndugu wawili, akina Pattison, walikopa pesa nyingi wakitaja stoo kubwa za wiski, wakapandisha thamani yake kwa vitabu, na wakawa wanachukua wiski ya bei ya chini wanatia kidogo ya nzuri wanaiuza kama wiski ya zamani ya Glenlivet. Desemba 1898 kampuni ikaanguka ikavuta wafanyabiashara wengi nayo, na ndugu wakafungwa 1901. Zaidi ya miaka 120 imepita na ujanja ni ule ule.

Sasa cheti chenye muhuri wa dhahabu ambacho muuzaji amekuchapishia mwenyewe si umiliki. Kinachohesabika ni barua ambayo muuzaji anaandikia mwenye ghala, inaitwa delivari oda, inamwambia pipa hili, namba hii, la kiwanda hiki, limejazwa tarehe hii, limehamishwa kwa jina la fulani, halafu mwenye ghala mwenyewe anakujibu wewe moja kwa moja kwamba ameandika hivyo kwa vitabu vyake. Bila jibu la mwenye ghala hamna kitu. Ulizeni pia vipimo vya karibuni, lita ngapi zimebaki na nguvu ni asilimia ngapi, manake bei hupigwa kwa lita ya alkoholi tupu. Ulizeni nani analipa ghala na bima mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho. Ulizeni kama mnaruhusiwa kutumia jina la kiwanda, viwanda vingi vinakataa, wengine hata wanatia kijiko cha wiski ya kiwanda kingine ndani ndio lisiuzwe kabisa kwa jina lao, na hapo ile grafu ya jina kubwa haiwahusu tena.

Na mtatokaje? Hapa ndio PDF inanyamaza. Mnada wa mapipa upo, lakini wananunua wanaojua, na hawanunui kwa bei ya grafu. Mkisema mtaleta wiski yenu hapa nyumbani, kuna gharama ya kutia chupani, ushuru wa forodha, stempu za KRA, wale wa kukusanya ushuru, VAT ya asilimia 16, na ushuru wa pombe kali ambao tangu sheria ibadilishwe mwisho wa 2024 ni shilingi 10 kwa kila sentilita ya alkoholi tupu, yaani mzinga ya mililita 750 yenye asilimia 40 ni shilingi 300. Umri hauna nafuu hapo, ya miaka 3 na ya miaka 18 zinalipa hizo 300 sawa sawa.

Kwa grupu yetu nimeomba vitu vitatu kabla mtu yeyote atume hata shilingi: namba ya pipa, jina la ghala, na barua kutoka kwa mwenye ghala kuja kwa mweka hazina wetu bila kupitia kwa muuzaji. Na CMA, nyinyi mamlaka ya masoko ya mitaji, mko Upper Hill hapo, tafadhali toeni tangazo kwa lugha ya mwananchi, mseme wazi kama mtu anayeuzia Wakenya mapipa na kuwaahidi faida anahitaji leseni yenu au hapana, na mtoe mapema, kabla ya Desemba, manake huo ndio mwezi chama nyingi zinagawana pesa na kutafuta pa kuiweka.