Msing'oe kebini ya trekta jamani

Wiki iliyopita mtoto wa kaka angu, yuko Urambo, mkoani Tabora, kanitumia picha ya trekta walilonunua yeye na wenzake watatu, used kutoka Uingereza, nikafurahi sana maana najua wamejichanga kwa hela ya tumbaku misimu miwili. Alafu nikaikuza ile picha, pembeni naona kebini nzima imelazwa chini ya mwembe, kioo kimoja kimeshapasuka. Nikampigia palepale, nikamuuliza mbona mmeing'oa, akaniambia baba mdogo hiyo inaleta joto, huku kila mtu anang'oa.

Siku tatu hilo neno "kila mtu anang'oa" halijanitoka kichwani, ndo maana naandika.

Mimi naishi nje kidogo ya Duluth, Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani. Kwangu kutoka barabara kubwa mpaka mlangoni ni kama mita 300 za changarawe, na kuanzia Novemba mpaka Aprili, yaani miezi ileile ambayo nyie mna mvua, sisi tuna theluji. Msimu wa 2022 kwenda 2023 hapa Duluth ilidondoka zaidi ya mita 3 na nusu ukijumlisha msimu mzima, rekodi ya mji. Usipoitoa hutoki, gari la wagonjwa haliingii, watoto hawaendi shule, na huku hakuna wa kukuletea unga mlangoni.

Kwa hiyo nina trekta dogo, sio la kulima, la kazi za nyumbani. Mbele lina kijiko, nyuma mashine ya kurusha theluji inayozungushwa na shafti ya trekta, mizunguko 540 kwa dakika. Usiku nachomeka hita ya injini kwenye umeme masaa mawili matatu kabla ya kuwasha, maana kwa baridi ya -25 oili inakuwa nzito kama asali ya Sikonge asubuhi ya mwezi wa saba, ukilazimisha starta unaua betri. Dizeli nayo ni ile maalum ya majira ya baridi, ya kawaida inaganda nta, filta inaziba na trekta linakuzimikia katikati ya njia. Tairi za nyuma nazifunga minyororo na ndani zimejazwa maji yasiyoganda ziwe nzito. Na mashine ikikwama kwa barafu unazima injini kwanza ndo unashuka na kijiti, hata siku moja usitie mkono, hilo mzee jirani yangu alinifundisha siku ya kwanza kabla hata hajaniuliza jina.

Sasa mwaka wa kwanza nilikuwa na trekta la wazi, halina kebini, niliona nimepunguza gharama. Aisee. Theluji unairusha kushoto upepo wa Ziwa Superior, liko hapa jirani, unairudisha usoni, masaa mawili umekaa pale juu, vidole havijui kama vimeshika usukani au vimeshika nini. Upepo ukichanganyika na baridi mpaka mwili unahisi kama -40 (hapo Selsiasi na Farenhaiti zinakutana, ni -40 zote) ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 10 tu. Mimi sikio la kushoto liliganda ncha, likawa jeupe, mpaka leo likipigwa na baridi linauma. Baada ya hapo ndo tukanunua lenye kebini, na mke wangu ndo alisema kwa hili hatujadili bei.

Saa hizi nakaa ndani na shati, hita inapuliza kioo, waipa zinafanya kazi, taa mbele na nyuma, nafanya saa kumi na moja alfajiri kazi ambayo zamani nilikuwa naisubiri mpaka jua litoke, alafu naenda kazini mzima. Na ni siku hizo nikiwa nimekaa ndani ya kile kijumba cha vioo ndo huwa namkumbuka baba angu mdogo mimi.

Yeye aliendesha trekta la wazi miaka zaidi ya 20, huko Urambo na Kaliua, kwa matajiri tofauti tofauti. Sisi watoto tulikuwa tunaona ufahari, tunalikimbilia. Ila mnaijua Oktoba ya Tabora, ardhi imekauka, anapiga haro, ile ya kuvunja mabonge ya udongo, na vumbi lote linapanda linamfunika yeye, jua la saa nane liko kichwani, akirudi jioni unaona macho tu mekundu na meno. Alikohoa miaka na miaka, tukasema ni sigara. Hakuwahi kuvuta sigara. Hakuna hata mmoja katika wale matajiri aliyewahi kumfungia hata turubai juu.

Alafu vichuguu. Kwetu shamba gani halina kichuguu na visiki? Tairi moja la nyuma linapanda kichuguu kimejificha kwenye majani, lingine liko kwenye mtaro, trekta linalala ubavu, na likilala linakwenda haraka kuliko unavyoweza kuruka. Utingo wa baba mdogo alifia hivyo, alikuwa amekaa kwenye madigadi, pale juu ya tairi la nyuma, kijana wa miaka 19. Hapo ndo nataka mnielewe, kebini sio ya joto na baridi tu. Ile kebini ya trekta la Uingereza ndani yake kuna fremu ya chuma iliyopimwa ili trekta likipinduka dereva asibonyezwe. Sweden waliilazimisha kwenye matrekta mapya mwaka 1959, Uingereza kuanzia 1970, na hawakufanya kwa anasa, walichoka kuzika wakulima. Kwa hiyo ukiing'oa kebini hujatoa joto, umetoa kile chuma.

Najua mtasema kebini bila AC ni tanuru. Ni kweli, sibishi, nimezaliwa hapo. Basi toa milango, toa kioo cha nyuma, weka feni ya betri, bati la juu lipake rangi nyeupe, ila fremu ibaki na mkanda ubaki na mkanda ufungwe. (Kwenye trekta lisilo na fremu kabisa usifunge mkanda, likipinduka linakulalia ukiwa umefungwa.) Na tafadhali msinijibu fundi atachomelea bomba mbili pale nyuma, fremu ambayo haijapimwa inakunjika kama bua la mahindi, alafu umempa dereva imani ya uongo. Na utingo asikae kwenye madigadi. Kiti ni kimoja, mtu ni mmoja.

Urambo sisi trekta sio kitu kigeni, Waingereza walituletea kwenye ule mradi wa karanga uliokufa 1951, yaani tuna zaidi ya miaka 70 tunayaona haya machuma. Tunajua bei ya plau, tunajua tairi inauzwa wapi, kushika hesabu ya eka hatukosei. Ila anayekaa juu yake tunamhesabia posho ya siku na soda. Huku nilipo dereva ndo wa kwanza kufikiriwa, na sio kwamba wanawapenda watu kuliko sisi, hapana, sisi ndo tunaojaa msibani mpaka barabarani, wali tunapika wa mtaa mzima. Mimi nataka ule upendo wa msibani uje mapema, ukae kwenye trekta.

Jana nimeongea na kijana tena. Amekubali kuirudisha. Bolti nne zimepotea na mlango wa kulia hauna kitasa, fundi anasema atatafuta. Nimemwambia milango ibaki hapohapo chini ya mwembe sina shida, hela ya bolti na mkanda natuma Ijumaa, fremu iwe imefungwa kabla mvua ya Novemba haijaanza.