Miaka 44 bungeni, na hakuna foleni langoni

Mwaka 2009 nilipohamia mtaa wa Cedar-Riverside hapa Minneapolis, Marekani, kwenye yale majumba marefu yenye vibao vya rangi rangi, swali langu la kwanza kwa jirani lilikuwa mheshimiwa wa hapa anakaa wapi. Nilitaka kulijua lango lake. Kwetu pwani ya Kenya, mtu mwenye watoto wa shule lazima alijue lango hilo. Jirani yangu, Msomali aliyefika miaka mingi kabla yangu, aliniangalia kama niliyeuliza njia ya kwenda mwezini. Akaniambia, "Huyo mama tunamwona wakati wa kura. Ukiwa na shida ya sheria, mpigie simu ofisini St. Paul, mji mkuu wa jimbo."

Mama huyo ni Phyllis Kahn. Alichaguliwa kuingia Bunge la Jimbo la Minnesota mwaka 1972, akaapishwa Januari 1973, akakaa humo hadi Januari 2017. Ni miaka 44. Si mtu wa huku kwa asili. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1937, akasomea fizikia, akapata udaktari wa fizikia ya viumbe hai pale Yale, kisha akaja kufanya utafiti Chuo Kikuu cha Minnesota. Kenya pia imekuwa na waliodumu. Mwai Kibaki aliingia Bungeni 1963 na kutoka 2013, karibu miaka 50. Ila Kibaki alikuwa waziri, makamu wa rais, kisha rais. Kahn alibaki mbunge wa Bunge la Minnesota tangu mwanzo mpaka mwisho, na miaka yake ya mwisho mshahara wa kazi hiyo ulikuwa dola 31,140 kwa mwaka. Muuguzi hapa anapata zaidi.

Sasa turudi langoni, maana ndiko ninakotaka kusemea. Nilikuwa darasa la nane mama aliponiamsha alfajiri, akanivalisha sare ya shule iliyopigwa pasi, tukaenda kupanga foleni kwa mheshimiwa mmoja. Mkononi alishika barua ya kuitwa sekondari, ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki isilowe umande. Tulikuwa watu kama sitini. Mheshimiwa alitoka saa nne, akapita kwenye mstari akitoa noti, wengine mbili, wengine moja, wengine akawapiga bega tu. Mama alipata. Nilisoma muhula ule kwa pesa zile na sitaki mtu aniambie hazikuwa na maana. Lakini yule kijana aliyekuwa nyuma yetu, naye ana barua kama yangu, alipigwa bega. Wakati wote huo sikuwahi kusikia mtu akiuliza mheshimiwa amepeleka mswada gani Nairobi.

Mimi nina pumu. Niliogopa kupanda matatu kwa sababu ya mtu mmoja tu nyuma mwenye sigara, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia azime. Huku, mwaka 1975, Kahn ndiye aliyeongoza mswada wa hewa safi ndani ya majengo, na Minnesota ikawa jimbo la kwanza Marekani kulazimisha sehemu za umma zitenge mahali pasipovutwa sigara. Kampuni za tumbaku zilikuwa na nguvu sana enzi hizo. Kenya tulipata sheria yetu ya kudhibiti tumbaku 2007, miaka 32 baadaye. Nilipoanza kazi kwenye makao ya wazee hapa, nikivuta pumzi zamu nzima ya usiku bila kugusa dawa ya kupuliza, mtu aliyenifanyia hivyo sikuwa nimemjua wala hakunijua. Hakunipa hata senti. Msaada huo hauchagui nani apigwe bega.

Hakuwa mtu wa kupendeza kila mtu. Mwaka 1989 alipendekeza watoto wa miaka 12 wapige kura, watu wakamcheka, naye akasimama nalo. Mimi sikubaliani naye, ila namheshimu mbunge anayeweza kusema jambo lisilompa kura hata moja.

Watu wetu nao walifika, wakawa wengi. Sitaki mdhani kila kitu huku ni shwari. Februari 2014 mkutano wa chama cha DFL, ndio Wademokrati wa huku, ulivunjika kwa ngumi hapa hapa mtaani, kwa sababu Mohamud Noor, Msomali, alikuwa akigombea dhidi ya Kahn. Niliona aibu, kwa sababu niliitambua sura ile. Ni sura ya mchujo wa kwetu. Mwezi wa Agosti, kwenye mchujo wa chama, Kahn akashinda.

Miaka miwili baadaye Noor alirudi, na safari hii akaingia Ilhan Omar pia, binti aliyekaa miaka minne kambi ya wakimbizi Kenya. Siku ya kura ya mchujo, tarehe 9 Agosti 2016, nilimsindikiza mzee mmoja wa ghorofa yetu. Alikuwa raia mpya, kitambulisho chake kina anwani ya zamani, naye hajajiandikisha. Karani hakumfukuza. Aliniuliza mimi kama namjua na kama najua anaishi pale. Nikaapa, nikatia sahihi, mzee akaandikishwa palepale na kupewa karatasi ya kura. Mikono ilimtetemeka akishika kalamu. Kwetu daftari hufungwa mapema, na ukikosa, umekosa mpaka miaka mitano ipite. Mimi nilipo huku, kwa nyumbani naruhusiwa kumpigia rais tu. Mbunge wa mama yangu sina sauti kwake.

Utaratibu huo wa kujiandikisha siku ya kura Minnesota inao tangu 1974. Ulipitishwa na bunge lile lile ambalo Kahn aliingia akiwa mgeni. Usiku ule Ilhan Omar alimshinda Kahn, na huenda baadhi ya kura zilizomwondoa zilipitia mlango huo. Hakuna aliyechoma tairi. Januari Kahn akatoka akiwa na miaka 79, Omar akaapishwa. 2019 Omar akaenda Bunge la Marekani, na kiti kikachukuliwa na Noor.

Juzi mama yangu alinipigia simu. Wagombea wa 2027 washaanza kuzunguka, mmoja amempelekea unga na leso. Nikamwambia apokee, mama, njaa si aibu. Ila amuulize: ukifika Bungeni, mswada wako wa kwanza utakuwa upi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema hajawahi kusikia mtu akiuliza hivyo. Wiki ijayo huyo mgombea anarudi na mkutano wa akina mama. Mama amesema atamuuliza mbele ya wote.